Niliusia parseli, sasa nataka kubadili

SWALI: Shekhe, mimi ni mjane wa Majengo, Goma. Niliusia parseli yangu, yaani kiwanja changu, apewe kijana niliyemlea. Siku za vita niliiuza nipate nauli ya boti ya Bukavu. Kulipotulia nikainunua tena. Kijana hajanijulia hali miaka mitano. Anayenipikia na kunifulia ni binti wa jirani, nataka nimuusie yeye. Naambiwa kubadili wasia ni dhambi, na usiku silali.

JIBU: Mama yangu, waliokunyima usingizi wamekudhulumu. Wanakusomea aya ya 181 ya Suratul Baqara, kwamba anayeubadilisha wasia baada ya kuusikia anabeba dhambi. Baada ya kuusikia! Wewe hukuusikia, uliusema. Aya inawaonya mashahidi na warithi wanaoficha karatasi mwenye mali akishazikwa. Sayyidna Umar alisema mtu hubadilisha atakacho katika wasia wake. Hao wanachanganya wasia na hiba: aliyekwisha kukabidhi zawadi kisha akairudia ndiye Mtume (s.a.w.) aliyemfananisha na mbwa anayerudia matapishi yake. Parseli hukumkabidhi mtu.

Tena wasia wenyewe haupo. Siku ulipoiuza uliufuta, hata kama hukutamka neno. Kuinunua tena hakuufufui katika madhehebu yetu ya Shafii; ukitaka kijana apate, sharti uusie upya.

Binti si mrithi wako, basi inafaa kumuusia ndani ya theluthi ya mali yako. Ila kama una watoto, sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inawawekea robo tatu ya urithi. Bora usivuke robo, usije ukavunjwa mahakamani. Andika tarehe, andika kwamba wasia wa kwanza umeufuta, weka mashahidi wawili waadilifu, na karatasi ya zamani uichane mbele yao. Niliwahi kukaa matangani zikatoka karatasi mbili zisizo na tarehe. Ndugu wa tumbo moja walikunjana mashati, udongo wa kaburi la baba yao ungali kwenye viatu.

Lakini mama, kijana huyo umemtafuta? Miaka hii watu wamepotezana njiani, simu zimeporwa, wengine wako makambini hawana hata namba ya kwao. Naogopa usije ukamhukumu mtoto ambaye naye anakulilia huko aliko. Muulizie kwanza kwa waliotoka upande alikokuwa, kisha nitumie habari. Siku utakayoandika, nitakuja mwenyewe na mashahidi.