Mama mwenye kisukari kusafiri kutoka Nairobi hadi New York

Ndugu yangu, nimekuelewa: mama yako anachoma sindano za insulini, hajawahi kupanda ndege, nawe unasita kati ya tiketi nafuu inayopitia Ghuba na ile ya moja kwa moja. Mfuko ukiruhusu, mkatie ya moja kwa moja. Kenya Airways ilianza safari hiyo mwaka 2018, na ingawa takribani saa 15 angani ni nyingi, zinamwepusha na mahangaiko ya kutafuta geti lingine usiku katika uwanja asioujua. Omba kiti cha magurudumu mapema, hata kama anatembea vizuri, kwa sababu mhudumu atamsindikiza hadi uhamiaji na kwenye mizigo.

Insulini isiwekwe kamwe katika begi linalopakiwa chini ya ndege, kwani huko inaweza kuganda na kuharibika, au begi lenyewe likachelewa. Aibebe mkononi pamoja na sindano, kipimo cha sukari, biskuti na barua ya daktari inayotaja dawa kwa majina yaleyale yaliyo kwenye maboksi. Nairobi iko mbele ya New York kwa saa 7 au 8 kutegemea majira, hivyo ratiba yake ya sindano itavurugika. Hilo msilikadirie wenyewe, daktari wake alipange kabla ya safari.

Njiani ainuke mara kwa mara. Akifika, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akikosa pumzi, mpelekeni hospitali mara moja, kwani huenda damu imeganda mshipani.