Mtihani wa kiraia Ufaransa: anza na mito

Wiki iliyopita binti ya kaka yangu alinijia na rundo la karatasi, kila ukurasa umepigwa mistari ya rangi. Mito, milima, tarehe, na wafalme akina Louis wote kwa namba zao. Akaniuliza, "Shangazi, haya yote ni ya kukariri?" Anafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Lyon, anarudi nyumbani amechoka, na ana mtihani mbele yake. Tangu Januari 2026, wengi wanaoomba kibali cha kwanza cha kuishi hapa miaka kadhaa, au kibali cha miaka kumi, au uraia, lazima wapite mtihani wa kiraia. Maswali ni 40, muda ni dakika 45, na ili upite sharti upate 32.

Mimi sikufanya mtihani huo. Zamu yangu ilikuwa ya kuketi mbele ya afisa na kuulizwa ana kwa ana. Sisi Wakenya katiba ya 2010 inaturuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo niliomba bila kuogopa kupoteza wangu. Nilikuwa nimekariri wafalme usiku na mchana. Yule afisa akaniuliza swali moja jepesi: "Mito inayopita mjini kwenu ni ipi, na inaelekea wapi?" Rhône na Saône nilizitaja. Zinaelekea wapi? Nikanyamaza. Miaka minane nilikuwa navuka daraja la Rhône kila asubuhi nikienda kazini. Uraia niliupata, lakini ule ukimya wangu uliniuma muda mrefu, na ndio unaonifanya niandike haya.

Kwa hiyo nilimwambia binti yangu aweke kando akina Louis, aanze na mito.

Sababu ni hii. Mwaka 1790, Mapinduzi yalipokuwa bado machanga, wabunge waliyavunja majimbo ya kale na kuikata nchi upya vipande vinavyoitwa departementi. Walitaka mwananchi aweze kufika kwenye makao ya departementi yake na farasi kwa siku moja. Na ili watu wasahau mabwana wa zamani, vipande vingi vilipewa majina ya mito na milima. Ukiijua mito, umeshajua nusu ya ramani. Lyon iko Rhône, namba 69. Saint-Étienne iko Loire, 42. Grenoble iko Isère, 38. Marseille iko Bouches-du-Rhône, yaani midomo ya Rhône, mahali mto unapomwagikia baharini, namba 13. Lile swali lililonishinda, jibu lake lilikuwa ndani ya jina la departementi niliyoisikia kwenye redio kila siku.

Namba nazo zilipangwa kwa alfabeti: Ain 01, Aisne 02, Allier 03, na kuendelea. Paris ni 75. Tarakimu mbili za mwanzo za msimbo wa posta kwa kawaida ndizo hizo hizo. Ukiwa kwenye basi, tazama namba za magari. Upande wa kulia kuna departementi. Fahamu tu kwamba tangu 2009 mwenye gari huchagua namba aipendayo, hata ya kwao alikozaliwa, basi usidhani kila 13 uionayo imetoka Marseille.

Mito mikubwa ni mitano. Loire ndio mrefu kuliko yote, kama kilomita 1,000. Unaanzia Ardèche, unapanda kaskazini, ukifika karibu na Orléans unageuka magharibi hadi Atlantiki, ukipitia Nantes. Kandokando ya bonde lake wafalme walijenga makasri. La Chambord lilianza kujengwa 1519 kwa amri ya François wa Kwanza, mfalme yule yule aliyeamuru mwaka 1539 kwamba hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Seine unapita Paris na Rouen, unaishia Le Havre. Garonne unatoka milima ya Pyrenees upande wa Hispania, unapita Toulouse na Bordeaux. Rhône unatoka Uswisi. Rhine ni mpaka na Ujerumani, na kwenye kingo zake kuna Strasbourg, mji ulikotungwa wimbo wa taifa mwaka 1792. Unaitwa Marseillaise kwa kuwa askari wa kujitolea kutoka Marseille waliingia Paris wakiuimba. Swali la wimbo huo huwakwaza wengi, wanafikiri ulitungwa Marseille.

Milima haihitaji kazi kubwa: Alps, Pyrenees, Jura, Vosges, na nyanda za juu za Massif Central katikati. Mont Blanc ina mita kama 4,800. Aliyekua akisikia habari za Kilimanjaro wa mita 5,895 hatasahau kwamba huu ni mfupi wake.

Sasa nifike pale ambapo watu wetu huteleza, na pale ambapo kwa kweli tungepaswa kuongoza. Ufaransa haiishii kwenye ile pembe sita ya ramani, yaani sehemu iliyo Ulaya. Ina mikoa 18, na mitano kati ya hiyo iko ng'ambo: Guadeloupe, Martinique, Guyane, Réunion na Mayotte. Mpaka wa nchi kavu wa Ufaransa ulio mrefu kuliko yote ni ule wa Guyane na Brazil. Na Mayotte ni jirani yetu. Ni kisiwa cha Komoro kilichobaki chini ya Ufaransa visiwa vingine vilipojitangazia uhuru 1975, kikawa departementi 2011. Lugha yao ya Shimaore ni ndugu wa Kiswahili. Mara ya kwanza nilipomsikia mama wa Mayotte kwenye foleni ya duka akisema "karibu" na "maji", nilihisi niko Mombasa.

Réunion nayo ina habari nzito kwetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu wa pwani yetu na bara yake walipelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi kulima kahawa na miwa ya Wafaransa. Basi unapokariri kwamba Ufaransa ilikomesha utumwa tarehe 27 Aprili 1848, na kwamba ilikuwa mara ya pili kwa sababu Napoleon aliurudisha mwaka 1802 baada ya kukomeshwa 1794, usiikariri kama tarehe ya wageni. Réunion tangazo lilifika likatekelezwa 20 Desemba 1848, na mpaka leo siku hiyo ni sikukuu ya kisiwa. Mimi huiadhimisha kimoyomoyo kila mwaka.

Historia iliyobaki, isome barabarani. Miji mingi ina mtaa wa 8 Mai 1945, siku vita vilipokwisha Ulaya. Karibu kila kijiji kina mnara wa waliokufa vitani; simama usome majina. Katika vita vya 1914 hadi 1918 nchi hii ilipoteza wanajeshi karibu milioni 1.4, na katika vijiji vidogo utaona jina moja la ukoo mara tatu, mara nne. Baada ya hapo tarehe 11 Novemba, siku vita hivyo vilipokoma, haitakutoka kichwani. Shule nyingi zinaitwa Jules Ferry: ndiye aliyepitisha sheria za 1881 na 1882 za elimu ya msingi ya bure, ya lazima, isiyofungamana na dini. Wafalme wawili wanatosha kwa kuanzia, Louis wa 14 wa kasri la Versailles na Louis wa 16 aliyekatwa kichwa Januari 1793. Ongeza 1944, wanawake walipopata haki ya kura. 1958, Jamhuri ya Tano, iliyopo mpaka leo. Na 1981, kufutwa kwa hukumu ya kifo.

Kuhusu dini na serikali, tulia usome pole pole, maana maswali yake ni mengi na wengi wetu huingia na hofu. Sheria ya 9 Desemba 1905 inaanza kwa kulinda uhuru wa dhamiri, ndipo inapotenga dini na dola. Dola haina dini. Wewe unayo, na una haki nayo. Mtumishi wa umma akiwa kazini haonyeshi dini yake; mteja aliye mbele yake hafungwi na sharti hilo. Mimi ni Muislamu, na siku nilipoelewa tofauti hiyo, maswali mawili matatu ya karatasi zangu yalijibika yenyewe. Alsace na Moselle, mashariki mwa nchi, sheria hiyo haitumiki, kwa kuwa mwaka 1905 zilikuwa chini ya Ujerumani. Huko hadi leo mapadri, wachungaji na marabi hulipwa na serikali.

Maisha ya kila siku huulizwa pia, na haya hayafundishwi na karatasi. Ukiingia dukani, kwa daktari, hata kwenye lifti, sema bonjour kabla ya neno lingine lolote. Sisi wa pwani tuliolelewa kwa shikamoo tusione tabu: asiyesalimu kwao ni mtovu wa adabu kama kwetu. Kati ya saa sita na saa nane mchana ofisi nyingi hufungwa, usipange safari ya karatasi wakati huo. Jumatano ya kwanza ya mwezi, adhuhuri, king'ora kitalia mji mzima. Ni majaribio, usikimbie na watoto kama nilivyofanya mimi. Hatari ya kweli ikitokea, 15 ni gari la wagonjwa, 17 polisi, 18 zimamoto, na 112 ni ya Ulaya nzima. Hesabu zao zitakuchosha: 70 ni sitini na kumi, 80 ni ishirini mara nne, 90 ni ishirini mara nne na kumi. Ndugu zetu wa Kongo hutumia maneno mepesi ya Kibelgiji, septante na nonante, na hapa wanaeleweka vizuri tu.

Karatasi za binti yangu sikuzitupa. Nilimwambia apange mada moja kwa wiki, na kila mada aende kuiona kwa macho mahali fulani. Jumamosi hii tunapanda tramu T1 hadi makumbusho ya Confluences, ncha ya mji ambapo Saône inaingia Rhône. Maji hayachanganyiki mara moja, rangi mbili zinakwenda sambamba kipande kirefu. Saône ni mpole kiasi kwamba Julius Caesar aliandika kuwa jicho haliwezi kujua unaelekea upande gani. Nitamsimamisha pale, nimuulize yanakwenda wapi maji haya, na anitajie kila mji mpaka baharini.