Mwachie Baba Mayai Yake

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Mayai ya samaki wangu yameharibika tena. Niache?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu, maana mwaka jana nilikuwa hapohapo, nimekaa kando ya tangi nalia.

Nafuga samaki wa anemoni, wale wanaoishi kwenye anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua, hapa Mtwapa, aina ya Amphiprion allardi, wa miamba yetu ya mwambao huu. Jike alipotaga mara ya kwanza, mayai yalijipanga juu ya jiwe, ya rangi ya machungwa, marefu kidogo kama punje ndogo za mchele. Dume akawa anayapepea kwa mapezi na kuyasafisha kwa mdomo. Kwa ujuaji wangu nikalihamisha jiwe. Siku ya tatu yote yalikuwa meupe, yameota ukungu. Aliyeniuzia tangi akaniambia hii si kazi ya mwanamke. Neno lile linaniuma hadi leo.

Safari ya pili nilimwachia baba. Kila asubuhi nachungulia kwa lenzi. Kiinitete kikaanza kama uzi juu ya kiini, ukaja mkia, ukaja moyo unaodunda, kitone kinachopwitapwita. Kisha macho, meusi kwanza, halafu yaking'aa kama fedha. Nikajua wakati umewadia. Usiku wa nane, maji yakiwa nyuzi 27, nikaacha taa inawaka ili nishuhudie. Halikuanguliwa hata moja. Samaki hawa huanguliwa giza likishaingia, nami nilikuwa nimewanyima usiku wao.

Mara ya tatu nilizima kila kitu nikaenda kulala. Alfajiri nikamulika tochi: vifaranga wamejaa, vijiti vyembamba vyenye macho. Leo ninao 61, na mistari myeupe imeshatokea.

Kwa hiyo, mpenzi, usitie mkono. Yai likifa, baba mwenyewe hulitoa. Usimhurumie kwa kumwondolea kazi, kazi ile ni yake. Rotifa, vijidudu vya majini ambavyo ni chakula cha vifaranga, uwe nazo tayari kabla ya siku ya kuanguliwa, kwa sababu kifaranga hutoka kiini chake kimekaribia kwisha, na akikosa chakula hamalizi siku nyingi. Na usiku uwe usiku. Nasema tena: baba, giza, rotifa. Wanaokukatisha tamaa waache waongee.

Wiki mbili hivi jike wako atataga tena. Hesabu siku tangu ile ya kutaga, na ukiona macho yanang'aa, nitumie picha.