Barua kwa mwanangu aliyehamia Dodoma

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Unasema mmeshatoka Tandika, kule Temeke, Dar es Salaam, hii ni wiki ya tatu mko Nkuhungu, na mwenye nyumba kila akikuona anakukumbusha ukajiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Nawe unaniuliza: "Mama, siku hizi mtu si anapatikana kwa simu tu? Kuandikisha makazi ni kwa ajili ya nini?"

Mwenye nyumba wako yuko sahihi. Nenda kesho.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nafundisha Handeni, na barua zangu zilikuwa zinapitia S.L.P. ya shule. Nilipohamishiwa huku nilibeba godoro, masufuria na kuku watatu. Suala la barua halikunijia hata kidogo. Basi barua ya kuniita chuoni ikaja Handeni, ikalala kwenye droo ya ofisi chini ya madaftari ya mahudhurio. Siku nilipoletewa na dereva wa lori la mahindi, bahasha ilikuwa imekunjwa mara nne na inanuka dizeli, na tarehe ya kuripoti imepita wiki sita. Nililaumu ile shule miaka mingi. Lakini nani alikuwa amewaambia nilikohamia? Si mimi.

Sasa, mtaani. Nenda na kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA, na mkataba wa pango, umwone mwenyekiti au afisa mtendaji, uandikwe kwenye daftari la wakazi. Utaona kama ni jambo dogo mpaka siku utakapotaka barua ya utambulisho: ukitaka kumdhamini mtu polisi, au benki wakitaka kujua unakaa wapi. Siku hiyo mwenyekiti atakutazama usoni, na kama hakujui, utaanza kuzungushwa. Ukiambiwa utoe hela ya muhuri, omba risiti, kwa adabu. Na hukohuko uliza anwani yenu ya makazi: jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi ya kata, ile ya tarakimu tano. Nyumba nyingi zilipewa namba mwaka 2022, kabla ya sensa. Angalia mlangoni au getini, huenda kibao kipo ila kimepakwa rangi.

Umeme ndio utakaokuliza usipoangalia. Mita haihami na mtu. Najua kwenye simu yako umehifadhi namba ya mita ya Tandika, na jina umeandika "LUKU" basi. Usiku giza likiwashika utanunua umeme haraka haraka, ubonyeze zile tarakimu zote 20, mita ya Nkuhungu ikatae, kumbe umemnunulia umeme aliyehamia chumba chako cha zamani. Futa namba hiyo leo. Halafu mara ya kwanza nunua umeme wa hela ndogo, uone wanakata nini. Kodi ya jengo inakatwa humohumo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na kama nyumba ilikaa tupu miezi kadhaa, malimbikizo yote yatakuangukia wewe. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba. Mwonyeshe ujumbe wa manunuzi mkatane kwenye pango, wala usione haya.

Mjukuu wangu asikae nyumbani akisubiri "mambo yatulie". Uhamisho unaanzia shule aliyotoka, nao watahitaji namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi. Mpigie mwalimu mkuu wa Tandika kabla shule haijafungwa, sisi walimu likizo hatupatikani. Kadi ya kliniki ya mdogo wake usiifungie kwenye maboksi, iweke mkobani.

Kura nazo huwa zinachanganya watu. Daftari la kudumu la wapiga kura la Tume ya Uchaguzi ni moja, na orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa ni nyingine kabisa. Mwaka 2024 wapo waliofika kupiga kura za mtaa mkononi wana kadi ya mpiga kura, wakakuta majina yao hayamo. Hii ya mtaa unajiandikisha hapohapo unapoishi uchaguzi ukikaribia. Ile ya Tume, utahamisha taarifa zako wakati wa uboreshaji, kama walivyofanya 2024 na 2025. Ukisikia wametangaza, usingoje siku ya mwisho, foleni yake unaijua.

Benki na mwajiri wako waandikie tu. Lakini ile TIN, namba ya mlipa kodi, ya biashara yako ya vitenge, ambayo jalada lake liko Temeke, nenda mwenyewe ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, hapo Dodoma ukaulize namna ya kulihamisha. Leseni ya biashara nayo ya huko haitakufaa hapo, ni halmashauri nyingine.

Machungwa yameiva. Gunia litapanda basi Alhamisi, na juu yake nitaandika jina lako na namba ya simu, kwa hiyo hapo simu yako imeshinda. Ila bodaboda atakayelitoa stendi ataniuliza nyumba namba ngapi, nami sina la kumjibu. Nitumie kabla ya Jumatano.

Mama yako