Maswali na Majibu: Tovuti ya SharePoint Inayokataa Kufutwa

SWALI: Mimi ni msimamizi wa mfumo wa Microsoft 365 katika ofisi yenye idara nyingi. Tunazo tovuti za SharePoint (huduma ya Microsoft ya kuhifadhi na kushirikiana faili) zipatazo 40 za miradi iliyokwisha zamani, na kila nikijaribu kuzifuta hupata ujumbe kwamba kuna sera inayozuia. Katika tovuti moja nimefuta faili zote kwa mkono, lakini nafasi iliyotumika haikupungua. Je, nizime sera yote, nifute tovuti, kisha niiwashe tena?
Msimamizi aliyekwama

JIBU: Ndugu msimamizi, tafadhali usiizime. Mfumo wako haujaharibika, bali unatimiza agizo la mtu fulani, pengine wa idara ya sheria, aliyeweka sera ya kuhifadhi data ili yaliyomo katika tovuti yabaki kwa muda maalumu, na agizo hilo humfunga hata mwenye mamlaka ya juu kabisa. Ndiyo maana kufuta faili mojamoja hakukukusaidia: nakala za faili hizo zimehifadhiwa katika maktaba iliyofichwa ndani ya tovuti hiyohiyo, iitwayo Preservation Hold, ambayo huonekana kwa wasimamizi wa tovuti tu, na ukubwa wake huhesabiwa katika nafasi ya tovuti.

Anza kwa kutambua kinachozuia, kwa kuwa vizuizi hivi havifanani. Ndani ya Purview, yaani jukwaa la Microsoft la kusimamia uhifadhi na ulinzi wa data, kwenye sehemu ya usimamizi wa maisha ya data, kuna kifaa cha kutafuta sera. Ukiandika anwani kamili ya tovuti, kitakuonyesha sera zinazoigusa. Usiishie hapo, maana zuio lililowekwa kwa ajili ya kesi au uchunguzi hukaa kwenye kesi yake, nalo huondolewa na wanaoisimamia kesi hiyo. Faili zenye lebo za uhifadhi, yaani alama zinazoagiza faili ihifadhiwe kwa muda fulani, nazo zinaweza kuzuia tovuti isifutwe hata kama hakuna sera yoyote inayoigusa.

Ikiwa kizuizi ni sera inayohusu tovuti zote, dawa yake ni kuziorodhesha tovuti zako miongoni mwa zile ambazo sera haizihusu. Sera moja hupokea hadi tovuti 100 za namna hiyo, kwa hiyo 40 zako zinaenea. Ikiwa sera iliandikwa kwa kutaja tovuti chache tu, ondoa zako katika orodha, lakini angalia sana usiiondoe ya mwisho, kwa sababu orodha ikibaki tupu sera hurudi kuhusu tovuti zote, na hapo utakuwa umewafunga wenzako wote kwa kosa la kubofya mara moja. Sera inayochagua tovuti kwa sifa zake ina njia nyingine: tovuti hutoka pale sifa hizo zinapobadilika zisilingane tena na masharti. Baada ya badiliko lolote, subiri angalau saa 24, na usishangae ikipita hata siku kadhaa, ndipo ujaribu kufuta tena.

Kuna jambo moja ambalo wasimamizi wengi hulijua wakiwa wamekwisha kuchelewa. Sera inapozimwa au kufutwa, nakala zilizomo katika maktaba ile iliyofichwa hupewa muhula wa siku 30 kabla ya kusafishwa, ili aliyekosea apate kujirudi. Tovuti inapotolewa kwa kutajwa kuwa haihusiki, muhula huo haupo. Kwa hiyo njia ninayokushauri, ingawa haiwagusi watu wa tovuti nyingine, ni kali zaidi kwa tovuti yenyewe, na mimi nisingeigusa bila kibali cha maandishi cha aliyeiweka sera.

Huenda pia ukakuta sera imewekewa kufuli la kudumu, yaani Preservation Lock. Hapo hakuna wa kuizima, kuilegeza wala kuitoa tovuti ndani yake, awe nani, na kazi yako inabaki kungoja muda wa uhifadhi umalizike. Wakati huo unaweza kuifunga tovuti kwa PowerShell, yaani zana ya kuendesha mfumo kwa amri za maandishi, ili isomeke tu au isifikiwe kabisa. Nafasi hutaipata, ila angalau hakuna atakayeendelea kuijaza.

Siku kizuizi kitakapoondoka, kumbuka kwamba tovuti iliyofutwa hukaa katika pipa la taka kwa siku 93. Tovuti iliyoundwa pamoja na kikundi cha Teams hufutwa kwa kufuta kikundi chenyewe, nacho hurejesheka ndani ya siku 30 tu, kwa hiyo waulize wanakikundi kabla, si baada.