Sanduku la bodi ya lezi: anza na katoni, malizia kwa fundi matranka

Bodi ya kuonyesha vipimo vya lezi yangu, yaani mashine ya kukereza chuma, niliilehemu kwa siku mbili. Sanduku lake lilinichukua miezi minne, na katikati ya miezi hiyo niliharibu bushi ya mteja, yaani kile kipande chenye tundu ambamo shafti huzunguka. Mafundi wanaokuja kuiona mashine huniuliza habari za bodi na programu, sanduku hawaliulizi kabisa. Basi leo naandika habari za sanduku tu.

Mashine ni lezi ya zamani ya fezi tatu, hapa Tanga. Kazi zangu nyingi ni shafti na bushi za mashine za kuchakata mkonge. Nimeifungia rula mbili za kioo za kupima mwendo wa kisu, moja ya urefu na moja ya kipenyo, zinazosoma hatua za milimita 0.005. Waya zake zinaingia kwenye bodi ndogo yenye ESP32, kompyuta ndogo yenye antena yake, nayo inarusha namba za vipimo kwa Bluetooth mpaka kwenye tableti. Ni seti ya kuunganisha mwenyewe: unaletewa bodi tupu na vipande vyake, unalehemu, unapakia programu. Sanduku unajitafutia.

Mimi nilipima bodi, nikanunua kopo la plastiki la kuwekea chakula lililoitosha, nikatoboa matundu juu ili joto litoke. Baada ya wiki kama tatu nikawa napanua tundu la bushi ya kastaini, yaani chuma cha kumimina. Namba ya kipenyo ikaruka, mimi nikaifuata. Nilipoweka kalipa, kile kipimo cha mkononi, tundu lilikuwa limezidi robo milimita. Kastaini nyingine nikanunua kwa pesa yangu.

Nilifungua kopo jioni hiyo hiyo. Pini za soketi zilikuwa zimevaa utando mweusi. Nikapitisha kidole, ukateleza kama masizi yaliyochanganyika na mafuta. Kastaini ya kijivu ina grafaiti ndani yake, kitu kilekile kilichomo kwenye penseli, na grafaiti inapitisha umeme. Chuma chenyewe nacho kinapitisha. Kila nilipokereza, vumbi lile lilikuwa linashuka kupitia matundu yangu na kutua juu ya pini. Seremala ana nafuu kidogo, maana vumbi la mbao kavu halipitishi umeme, lakini hushika unyevu, na kwa unyevu wa pwani yetu matokeo huwa yaleyale.

Kwa hiyo usitoboe matundu ya hewa, na feni usiweke kabisa, kwa sababu feni inavuta vumbi ndani. Bodi ya namna hii pamoja na rula zake haifiki hata wati tatu. Joto dogo kama hilo linatoka lenyewe kupitia kuta za sanduku la chuma.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kupima bodi peke yake. Bodi haichukui nafasi, waya ndizo zinazochukua. Rula hizi huja na plagi za DB9, zile za pini tisa, na ile plagi pamoja na mgongo wake inatokeza sentimita nne au zaidi kabla waya haujaanza kukunjika. Waya wenyewe umevishwa bomba la chuma la kujizungusha, haukunjiki kirahisi. Kwenye kopo langu waya zilikuwa zinaisukuma bodi muda wote, na soketi moja ilishaanza kuachia lehemu.

Siku hizi, kabla sijashika chuma, natengeneza sanduku la katoni. Nakata katoni ya kawaida ya dukani, nakunja, nabana kwa gundi ya karatasi, naweka bodi ndani na waya zake zote, kisha nalifunga kwenye mashine kwa wiki nzima huku nikifanya kazi ndogondogo. Katoni inasema ukweli upesi. La kwanza lilikuwa juu ya kichwa cha mashine, na siku ya pili tu nikajikuta nanyoosha mkono kupita juu ya chaki, kile kishikio cha kazi kinachozunguka, ili nifikie swichi. Hapo hapo nikaliondoa. Usiweke swichi mahali ambapo mkono lazima uvuke kitu kinachozunguka, hata kama pana nafasi nzuri. La pili nililiweka nyuma, maji ya kupozea yakalilowanisha upande mmoja. La tatu likaenda upande wa kulia, kwenye mkono wa chuma juu ya mkia wa mashine, likamaliza wiki likiwa kavu. Hilo ndilo nililolipeleka kwa fundi.

Na fundi mwenyewe ni mzee mmoja anayetengeneza matranka ya wanafunzi. Wengi wanatafuta masanduku ya kuagiza wakati mtu kama huyu yuko mtaa wa pili. Nilimwamkia, nikamkabidhi katoni, akaigeuza mkononi.

"Litalala au litasimama?"

"Litasimama, mzee."

"Basi kifuniko tukivalishe kama kofia, uchafu upite nje."

Lile tranka la shule lina kifuniko kinachoshuka nje ya mdomo wa sanduku. Maji yakimwagika juu yanateremka nje, hayakuti mwanya. Alinikunjia vivyo hivyo kwa shiti ya geji 18, yaani milimita 1.2, na kingo zote akazirudisha ndani zisikate mkono.

Matundu toboa shiti ikiwa bado bapa, kabla haijakunjwa, kwa sababu kutoboa na kupiga tupa ndani ya kona ni mateso. Ila yakae mbali kidogo na mstari wa kukunjia, vinginevyo yatavutika. Umbo la DB9 nilichora kwa kufuata plagi yenyewe, nikatoboa matundu madogo mfululizo, nikamalizia kwa tupa nyembamba. Matundu mawili ya skrubu zake yako milimita 25 kutoka katikati hadi katikati. Matundu yote yawe upande wa chini. Waya ushuke kwanza chini ya sanduku halafu ndio upande kuingia, ili tone linalotembea juu yake lianguke kabla ya kufika mlangoni.

Kwenye mdomo wa kifuniko nilibandika ukanda wa tyubu ya baiskeli. Baada ya miezi miwili ulivimba kwa mafuta, ukatoka wenyewe. Nunua mpira wa gasketi usiodhurika na mafuta, ule wanaouza kwa mafundi magari.

Sanduku la chuma lina tatizo moja ambalo kopo la plastiki halikuwa nalo. Nilipofunga kifuniko mara ya kwanza, tableti ikapoteza mawasiliano, nikifungua yanarudi. Chuma kinazuia mawimbi ya redio. Nilikata dirisha upande unaotazamana na antena ya ESP32, nikalifunika kwa kipande cha plastiki ngumu na gasketi. Kama bado hujanunua, tafuta ESP32 ya aina ya 32U, ambayo ina kituo cha kuchomeka antena ya nje, uepukane na dirisha.

Bado naona chuma kina faida kuliko plastiki kwenye mashine ya fezi tatu. Zamani kontakta ya mota, yaani swichi yake kubwa ya umeme, ikiachia, namba zilikuwa zinaruka. Baada ya kuliunga sanduku na ethi ya mashine, yaani waya wake wa ardhini, zimetulia. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane pale bolti ya ethi inapokaa, weka washa ya meno chini ya bolti, kisha pima kwa mita kati ya sanduku na mwili wa mashine. Ikisoma zaidi ya omu moja, rudia kukwangua.

Umeme wa volti 230 usiuingize humo. Chaja ya volti 5 naiacha nje, mbali na maji, inaingia waya mwembamba tu. Na kabla ya kuchomelea chochote kwenye mashine, chomoa rula zote, maana mkondo wa kuchomelea unaweza kutafuta njia ya kurudi kupitia waya zako.

Ndani ya kifuniko nimeandika kwa kalamu ya rangi isiyofutika: waya upi ni wa rula ipi, rangi gani ni volti 5, rangi gani ni hasi, na tarehe niliyofunga. Mwezi uliopita waya wa kipenyo ulikatika nikiwa safarini, kijana wangu akafungua skrubu nne, akasoma, akaunganisha.