Mchujo Umetukataa Mara Kumi: Je, Sheffield United Ina Mkosi?

SWALI: Ndugu mhariri wa safu hii, nimekuwa shabiki wa Sheffield United kwa miaka mingi, na tangu tarehe 24 Mei 2025 sijapata jibu linaloniridhisha. Siku hiyo tulikuwa Wembley katika fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu ya Uingereza, tukiongoza kwa bao 1-0 dhidi ya Sunderland. Bao letu la pili likakataliwa baada ya mwamuzi kurejea picha za video, kisha tukafungwa mawili, la mwisho likiwa la dakika ya 95. Hiyo ilikuwa mara yetu ya kumi kuingia katika mchujo, na mara ya kumi kutoka mikono mitupu. Kocha Chris Wilder akaondoka, aliyemrithi akapoteza mechi zote tano za mwanzo wa ligi na kufukuzwa, na sasa Wilder amerudishwa. Naomba unieleze bila kunibembeleza: timu yetu ina mkosi, au kuna jambo tunalolikosea? Na mbele yetu kuna nini?

JIBU: Ndugu msomaji, huzuni yako ina msingi. Mwaka 1997 mlipoteza fainali kwa Crystal Palace kwa bao la David Hopkin lililofungwa dakika ya mwisho. Mwaka 2003 Wolves waliwafunga 3-0, na penalti ambayo ingeweza kuwarudisha mchezoni ikapanguliwa na kipa. Mwaka 2009 Burnley waliwashinda 1-0. Mwaka 2012, mkiwa daraja la tatu, mlitoka sare ya 0-0 na Huddersfield kwa dakika 120, mkapigiana penalti hadi zamu za makipa zikafika, na mkwaju wa kipa wenu ukapaa juu ya lango, wenzenu wakashinda 8-7. Mwaka 2015 mlifunga mabao matano katika mechi ya marudiano dhidi ya Swindon na bado mkatolewa kwa jumla ya mabao 7-6. Mwaka 2022 Nottingham Forest wakawatoa kwa penalti katika nusu fainali. Anayeisoma orodha hiyo kwa mkupuo mmoja hawezi kulaumiwa akidhani kuna nguvu fulani inayowazuia.

Hata hivyo, itazame tena kwa utulivu. Mikasa hiyo imetokea katika madaraja tofauti, chini ya makocha tofauti, kwa wachezaji ambao wengi wao hawakuwahi kukutana, na kwa muda wa zaidi ya miaka 35 tangu ule mchujo wa 1988 uliowashusha daraja, enzi ambazo mchujo ungeweza pia kuishusha timu. Aliyepaisha penalti mwaka 2012 hakuwa na uhusiano wowote na bao la dakika ya 95 la mwaka 2025. Kinachoziunganisha ni jezi na kumbukumbu ya mashabiki, na kumbukumbu hiyo, pamoja na uchungu wake wote, haiingii uwanjani kumkaba mshambuliaji.

Tufanye hesabu ndogo. Mchujo wa Championship, daraja la pili, umekuwa wa timu nne, zile za nafasi ya tatu hadi ya sita, na hupanda moja. Tukichukulia kwamba nafasi za timu hizo zinakaribiana, kila mara unapoingia una uwezekano wa asilimia 75 wa kushindwa. Uwezekano wa kushindwa mara kumi mfululizo ni takriban asilimia 5.6, yaani kama mara moja kati ya 18. Ni bahati mbaya, sikatai, lakini si muujiza. Mchujo huu ulianza msimu wa 1986/87, na tangu wakati huo klabu nyingi zimeupitia mara kwa mara katika madaraja kadhaa, hivyo ingeshangaza zaidi kama isingepatikana hata moja yenye rekodi ya namna hiyo. Na hamko peke yenu: Preston North End walishindwa mara tisa kabla ya kufaulu mara ya kumi mwaka 2015, walipowafunga Swindon wale wale waliowatoa ninyi. Brentford nao walishindwa mara tisa, wakafaulu mara ya kumi mwaka 2021. Klabu hizo mbili zilifaulu kwa sababu zilikuwa na timu nzuri siku hiyo. Mliposhindwa mara ya kumi, deni la bahati halikuwa limeiva. Sarafu iliyoangukia upande mmoja mara tisa haikumbuki lolote inaporushwa tena.

Kuna sababu nyingine inayofanya mchujo uwaumize hasa wanaomaliza nafasi ya tatu. Baada ya mechi 46, faida yote uliyoijenga hugeuzwa kuwa kitu kimoja tu: kucheza marudiano ya nusu fainali nyumbani. Kanuni ya kuipa timu ushindi kwa mabao ya ugenini jumla inapolingana ilishaondolewa katika mchujo huu, na fainali huchezwa Wembley, mahali pasipo mwenyeji. Ninyi mlimaliza mkiwa na pointi 90, Sunderland 76. Zaidi ya hapo, Sunderland walikuwa wamepoteza mechi zao tano za mwisho za ligi, ilhali ninyi mliwatoa Bristol City kwa jumla ya mabao 6-0. Kila kipimo kiliwapendelea ninyi, na kila kipimo kilikuwa sahihi kuhusu msimu mzima. Dakika 90 hazilazimiki kuukubali ushahidi huo.

Umetaka nisikubembeleze, kwa hiyo naomba tuondoke Wembley. Msimu wa 2024/25 haukupotea tarehe 24 Mei, ulipotea Aprili. Mwishoni mwa Machi mlikuwa kileleni mwa Championship baada ya kuwafunga Coventry. Kisha mkapoteza mechi tatu mfululizo, dhidi ya Oxford, Millwall na Plymouth, na hao Plymouth walikuwa njiani kushuka daraja. Mlipofungwa na Burnley siku chache baadaye, nafasi mbili za kupanda moja kwa moja zikawa zimekwisha. Wapo mashabiki wanaozitaja pointi mbili mlizokatwa kwa kuchelewa kuzilipa klabu nyingine, lakini hata mngeachiwa pointi zote 92, Leeds na Burnley walimaliza na 100 kila mmoja. Pointi zilizowagharimu ni zile za Aprili, na hizo zilikuwa mikononi mwenu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya historia yenu yenyewe. Klabu yako ilipanda kwenda daraja la juu kabisa mwaka 1990, 2006, 2019 na 2023, na mara zote nne ilipanda kwa kushika nafasi ya pili. Mlango wenu haujawahi kuwa mchujo. Shabiki anayeiona Sheffield United kama klabu ya kushindwa Wembley anausahau upande huo wa pili, ambao kwangu ndio unaoeleza zaidi klabu inaweza nini.

Sasa nifike kwenye swali lako kuhusu kukosea. Leeds United walimaliza msimu wa 2023/24 katika nafasi ya tatu kwa pointi 90, idadi ile ile mliyoipata ninyi mwaka uliofuata, wakapoteza fainali kwa Southampton 1-0. Majira hayo ya joto waliwauza Archie Gray, Crysencio Summerville na Georginio Rutter, pigo ambalo lingeweza kuivunja timu yoyote ya daraja hilo. Kocha Daniel Farke wakambakiza. Msimu uliofuata wakawa mabingwa. Hiyo haikuwa mara yao ya kwanza: mwaka 2019 walitolewa na Derby katika nusu fainali, wakabaki na Marcelo Bielsa, na mwaka 2020 wakapanda wakiwa mabingwa. Nanyi mlifanya hivyo hivyo. Baada ya penalti za Forest mwaka 2022 mlibaki na Paul Heckingbottom, na mwaka 2023 mkapanda kwa pointi 91.

Mwaka 2025 mlifanya kinyume. Mlikuwa na timu iliyochuma pointi 92 uwanjani, mkaachana na kocha aliyeijenga, mkamleta Rubén Sellés, mkawapoteza Vinícius Souza na Anel Ahmedhodžić, na ligi ikaanza kabla kikosi kipya hakijazoeana. Sidhani Sellés ni kocha mbaya, na mechi tano ni chache mno kumhukumu mtu yeyote. Ninachosema ni kwamba uongozi uliisoma fainali moja kana kwamba ndiyo ripoti ya msimu mzima, ukabadilisha jambo ambalo halikuwa limeharibika. Nisiifanye hoja hii kuwa sheria: Derby walipoteza fainali ya 2014 kwa QPR katika dakika ya mwisho, wakambakiza Steve McClaren, na mwaka uliofuata wakamaliza nafasi ya nane. Kumbakiza kocha hakuhakikishi kupanda. Kumwondoa kwa sababu ya bao la dakika ya 95, hata hivyo, ni kuiruhusu bahati mbaya iwafanyie uamuzi wa pili baada ya ule wa kwanza.

Kuhusu yaliyo mbele, nitaanza na hesabu za msimu huu wa 2025/26. Mechi ya kwanza ya Wilder baada ya kurudi nayo ilipotea, kwa hiyo mlianza na vipigo sita. Zilibaki mechi 40. Timu iliyoshika nafasi ya sita mwaka 2025 ilikuwa na pointi 68, na ile ya mwaka 2024 ilikuwa na 73, maana yake mlihitaji kati ya pointi 1.7 na 1.8 kwa kila mechi iliyobaki ili tu mfike kwenye mchujo. Msimu uliopita mlikuwa mkichuma wastani wa pointi mbili. Jambo hilo linawezekana kwa kikosi chenye Gustavo Hamer, aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa Championship msimu huo wa pointi 90, na kipa Michael Cooper langoni. Lakini kufikia pointi 90 kungetaka wastani wa 2.25 kwa mechi, kasi inayozidi ile ya Leeds na Burnley walipofikisha 100. Kwa maoni yangu njia ya moja kwa moja ilifungwa kabla Septemba haijaisha, na kama kuna mlango uliobaki msimu huu, ni ule ule unaouogopa.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni fedha. Ligi Kuu huzilipa klabu zilizoshuka sehemu ya mapato ya televisheni, asilimia 55 ya mgawo wa kawaida mwaka wa kwanza na asilimia 45 mwaka wa pili. Mwaka wa tatu hupewa tu klabu zilizodumu huko zaidi ya msimu mmoja. Ninyi mlikaa msimu mmoja, wa 2023/24. Kwa hiyo huu ndio mwaka wenu wa mwisho wa malipo hayo, na baada yake mtashindana na klabu zilizoshuka karibuni ambazo bado zinayapokea. Wamiliki wapya, waliochukua klabu Desemba 2024, hawawezi kuliziba pengo hilo kwa mifuko yao watakavyo, kwa sababu kanuni za ligi zinaweka kikomo cha hasara kwa kipindi cha miaka mitatu. Lazima wauze, na wauze vizuri. Brentford walipopoteza fainali ya 2020 walimuuza Ollie Watkins kwa Aston Villa, wakamchukua Ivan Toney kutoka Peterborough, naye akafunga mabao 31 ya ligi msimu uliofuata. Ukitaka kuijua klabu yako inaelekea wapi, tazama kama kila anayeuzwa ana mrithi aliyekwisha kuandaliwa, na kama Wilder ataachiwa muda wa kukijenga kikosi hadi msimu ujao hata matokeo ya msimu huu yakiwa ya wastani. Nikiona hayo mawili, nitaamini mnaweza kuziwania tena nafasi mbili za juu. Nisipoyaona, nitahofia miaka kadhaa katikati ya msimamo.

SWALI: Baada ya yaliyowapata Sheffield United, kwa nini timu ya tatu isipandishwe moja kwa moja? Pengo la pointi 14 halina maana yoyote?

JIBU: Lina maana, na mimi naona mfumo wa sasa unalithamini kidogo mno. Hata hivyo sitetei kuufuta mchujo, kwa kuwa ndio unaozifanya timu nyingi ziwe na sababu ya kupigana hadi Aprili na Mei. Huddersfield walipanda mwaka 2017 wakiwa wamefungwa mabao mawili zaidi ya waliyofunga katika ligi, na ingawa wapo waliolalamika, mashabiki wao walistahili siku ile kwa kuwa kanuni zilijulikana tangu Agosti.

Ningependa kuona timu ya tatu ikipewa faida inayoonekana. Katika National League, daraja la tano, timu ya pili na ya tatu huingia moja kwa moja katika nusu fainali na kuicheza nyumbani, mechi moja tu, huku zile za nne hadi saba zikichujana kwanza. Utaratibu huo unalipa kazi ya msimu kwa haki zaidi. Haumhakikishii mtu ushindi, maana mwaka 2025 York City waliomaliza wa pili kwa pointi 96 walifungwa 3-0 nyumbani na Oldham waliokuwa na 73. Lakini York walicheza mbele ya mashabiki wao na bila mechi ya awali ya kuwachosha, na hicho ndicho ambacho ningewadai wakuu wa ligi wakipe pia kikosi kinachoshika nafasi ya tatu katika Championship.